Sindano ya Saa Mbili

Sura ya Saba

Mara ya kwanza Fundi alifika mpaka kwenye geti la nyumba ya kutunzia mbwa, akakisoma kibao chote hadi namba ya simu, akageuka akarudi dukani kwake. Mara ya pili aliligusa geti. Mara ya tatu mlinzi alimwahi.

"Leo unaingia, au umekuja kutukagulia rangi ya geti tena?"

"Naingia."

"Basi ingia, kaka. Geti haling'ati. Wenye meno wako ndani."

Fundi alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole, akaingia. Ua wa saruji ulikuwa umetoka kumwagiwa maji, dawa ya kusugulia sakafu inapanda puani, na mbwa ishirini na kitu wanabweka kila mmoja kwa sauti yake. Katikati ya makelele yale aliusikia mlio mmoja mwembamba, wa haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango wa choo huku amebanwa. Alikuwa amejiandaa kuonana na mwanamke. Kuonana na mbwa hakujiandaa.

Maana mbwa yule alikuwa wake kwa siku tisa, na siku ya tisa nusura amuue.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye saa ya ukutani. Fundi ana kibanda cha vioo kati ya duka la dawa na muuza viatu, anatengeneza saa, na mtaa mzima unamwita Fundi Saa; wanaompenda wanakata mkia wanabakiza Fundi. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, anaishi na dada yake mkubwa, mshona mapazia, hajaoa, na alishazoea kuambiwa kwamba mwisho wake ataoa saa. Ndipo siku moja akaja mwanamke mrefu, suruali imejaa manyoya, amekumbatia saa ya ukutani iliyoangushwa na mbwa. Kule kazini kwake, nyumba ya kutunzia mbwa, wanamwita Mlezi. Saa ikapona. Akarudi na saa yake ya mkononi, nayo ikapona. Wiki iliyofuata akaileta ileile. Fundi akaifungua, akaichungulia kwa lenzi, akaifunga.

"Hii ina nini?"

"Haina kitu," Mlezi alisema. "Imekuja kusalimia."

Tangu siku hiyo alikuwa akitoka kazini anapita, anakaa kwenye benchi la wateja, wanazungumza mpaka muuza viatu anashusha mlango wake kwa kelele za makusudi. Na ni pale benchini Fundi aliposikia habari za Kisulisuli. Mbwa wa miaka mitatu, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, asiyejua kutembea kwa sababu maisha yake aliyaanza kwa kukimbia. Na ana kisukari. Sindano asubuhi, sindano jioni, kila siku mpaka afe. Watu kumi na wanne walikuja kumtazama, wakampenda, wakasikia habari ya sindano, wakakumbuka kuwa wana safari.

"Nataka mtu asiyekosa saa," Mlezi alisema. "Nikajiuliza, kama si fundi saa, ni nani tena?"

Kwa namna alivyomtazama aliposema vile, Fundi angekubali kupelekewa chui.

Siku ya kukabidhiwa, Mlezi alimwandikia karatasi kwa kalamu nyekundu: *Chakula, kisha sindano. 2 na 2.* Chini akaandika namba yake ya simu. Akamweleza na kwa mdomo, polepole, mara mbili. Na pale ndipo palipoharibika, kwa sababu mdomo wenyewe una alama ndogo nyeusi pembeni, na alama ile ilikuwa inapanda na kushuka pamoja na maneno. Fundi akaifuata alama, maneno akayaacha yapite zake.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Angeulizwa ameelewa nini, asingekuwa na jibu la kumpa mtu mzima.

Mwingine yeyote akiona mbili na mbili atasema saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kama watu wasemavyo. Lakini Fundi ameishi miaka ishirini ameinamia nyuso za saa. Kwake mbili ni pale mshale mfupi unapoikanyaga tarakimu ya mbili, na pale, kwa midomo ya watu, ni saa nane. Basi Kisulisuli akawa anakula asubuhi na jioni pamoja na watu wa nyumba, na sindano anachomwa saa nane mchana na saa nane usiku, tumbo tupu. Karatasi ilisema kisha; Fundi akaona hata saa sita baadaye nayo ni kisha. Usiku aliamka kwa kengele, macho yamevimba, akamchoma mbwa, akarudi kulala akijisifu kwamba kupenda ndiko huku. Siku ya tisa mbwa alikimbia uwanjani tangu asubuhi, akachomwa saa nane, na kabla ya saa tisa miguu ikapishana, akaanguka, akatetemeka, mdomo umejaa povu.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa lina dawa. Lililofuata halikuwa kosa.

Alimkimbiza mbwa kwa Daktari wa pale pale nyumba ya mbwa, amemfunga kwenye pazia jipya la mteja wa dada yake. Daktari akamtundikia dripu, mbwa akafumbua jicho. Fundi akaeleza kwamba alimchoma saa nane. Ndipo Daktari akauliza, "Nani alikwambia saa nane?" Fundi akatoa karatasi. Mlezi alikuwa amesimama palepale, mikono imelowa povu la mbwa.

"Hakukueleza kwa mdomo?" Daktari aliuliza.

Chumba kilikuwa na watu, na wawili kati yao walivaa saa alizozitengeneza yeye. Fundi akaona atakavyochekwa kibandani: fundi saa asiyejua saa.

"Hakunieleza," alisema. "Alinipa karatasi tu."

Mlezi alifungua mdomo, akaufunga. Kesho yake akaondolewa kwenye meza ya kutolea mbwa, akapewa brashi.

Hizo ni wiki tatu sasa.

Alimkuta nyuma, kwenye safu ya vizimba, amevaa buti za mpira, anasugua sakafu kwa brashi ya mpini mrefu. Alikuwa amekonda kidogo. Nywele, ambazo zamani alizisuka vizuri, alikuwa amezifunga kitambaa na kuzisahau.

"Habari za kazi, Mlezi."

"Nzuri." Brashi haikusimama. "Kama ni habari za mbwa, mezani kuna mtu. Mimi siko mezani siku hizi."

"Nimesikia."

Kabla hajaongeza neno, Kisulisuli alimwona. Mbwa yule alijirusha kwenye nyavu za kizimba, akazunguka mara tatu, akajigonga ukutani, akarudi, akasimama kwa miguu ya nyuma akilia, mwisho akajikojolea kwa furaha. Hakukumbuka sindano wala dripu. Alichokumbuka ni kwamba mtu huyu ni wake.

Fundi hakujua auweke wapi uso. Afadhali angeng'atwa.

"Taratibu, baba," Mlezi alimwambia mbwa, akachuchumaa, akaingiza vidole kwenye nyavu. "Taratibu, utaanguka. Sukari yake haijatulia," alisema bila kumgeukia Fundi. "Humo ndani anazunguka kutwa. Daktari anasema huyu anataka uwanja na mtu, si kizimba. Wamekuja watu wawili. Mmoja alisema atafikiria. Anayefikiria harudi."

"Nimekuja kuhusu ile karatasi," Fundi alisema. "Unajua, namna ilivyoandikwa ile..."

"Najua ilivyoandikwa." Mlezi alisimama. "Mbili na mbili, ndiyo kuandika gani? Sasa hivi naandika kila kitu kwa maneno. Asubuhi naandika asubuhi. Lile lilikuwa kosa langu na nililikubali. Hukuwa na haja ya kuja."

Hapo Fundi angeweza kuondoka. Njia ilikuwa wazi, imefagiliwa, na aliyeifagia ni yule yule aliyekosewa. Na ukweli usemwe, alisogea nusu hatua.

"Kinachonisumbua si karatasi," Mlezi aliendelea, akiutazama mpini wa brashi. "Mimi nilikuwa nakumbuka kama nilikueleza. Najiona kabisa, nimesimama mlangoni pale, nasema. Halafu nikajiambia, kama mwenyewe aliyeambiwa anasema hakuambiwa, basi umeota. Wiki tatu, Fundi. Nafunga geti, narudi kuangalia kama nimefunga. Namlisha mbwa, naenda kuuliza wenzangu kama nimemlisha. Mama yangu mpaka anafariki alikuwa amesahau hata jina langu. Ilianza hivi hivi, kidogo kidogo. Nikasema, haya, na kwangu kumefika."

Fundi alikuwa amekuja akidhani amemkosesha meza. Kumbe alimwibia akili yake mwenyewe, akamwacha anaitafuta kwenye kufuli za mageti.

"Uliniambia," alisema.

Brashi ikasimama.

"Ulisimama mlangoni, kama unavyokumbuka. Ukaniambia mara mbili. Hujaota kitu."

"Rudia."

"Uliniambia mara mbili. Mimi nilimdanganya Daktari."

Mlezi aliiegemeza brashi ukutani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha kioo. Akavuta pumzi, akaitoa.

"Sasa kama nilikwambia mara mbili," aliuliza taratibu, "ikawaje ukamchoma saa nane? Una masikio."

"Sikusikia. Nilikuwa nakutazama."

Maneno hayo Fundi aliyabeba wiki tatu. Kila usiku aliyasafisha kama anavyosafisha meno ya gurudumu dogo, akaamini kwamba yakitoka, yatalainisha kila kitu. Yalitoka, yakaanguka kwenye saruji iliyolowa.

"Usinipambie," Mlezi alisema.

"Ni kweli."

"Hata ikiwa kweli. Watu hutazama, watu hawasikii, hilo halina ugomvi. Hata mimi nilikuwa nakutazama, na bado nilikumbuka cha kusema. Lakini siku ile mbele ya Daktari hukuwa unanitazama mimi. Ulikuwa unatazama viatu vyako. Na ulisema vizuri kabisa, hukubabaika. Kwa hiyo usiuchukue uongo ule ukauvisha maua ukaniletea ukauita mapenzi."

"Niliogopa kuchekwa."

"Na mimi je, nina ngozi ya kiboko?"

Fundi alitazama viatu vyake, akakumbuka, akanyanyua uso haraka.

"Dada yako alinipigia simu," Mlezi alisema.

"Dada yangu? Lini?"

"Siku ya pili yake. Namba aliiona kwenye karatasi. Aliniita muuaji wa mbwa. Alisema mwanamke asiyeweza kueleza saa ya dawa, hata mume hamfai, atamwua naye. Mimi nikamwambia, nisamehe, dada. Nikamwomba radhi mimi."

Hilo Fundi hakulijua. Alilolijua lilikuwa baya kwa namna yake: jioni moja dada yake aliweka mkasi chini akasema, "Yule wa mbwa tumemaliza naye, sivyo?" na yeye, mdomo umejaa chakula, akaitikia kwa kichwa. Watu husema ndugu wamewatenganisha wapendanao. Hapa ndugu alipewa panga na bwana harusi mwenyewe.

"Twende kwa Daktari," Mlezi alisema, akivua glavu. "Uongo uliusemea pale, utaufutia palepale."

Daktari alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi mguu mmoja, anamkata paka kucha. Kwenye benchi walikaa mama mmoja na mzee mmoja, kila mtu na mnyama wake. Fundi aliomba faragha kwa macho. Mlezi alibaki amesimama mlangoni, mikono kifuani, na faragha haikupatikana.

Akasema. Alisema kwa kifupi, akarudia kwa kirefu Daktari alipomtaka arudie. Mzee kwenye benchi alisogeza sikio.

"Ngoja nielewe," Daktari alisema. "Wewe ndiye yule wa kibandani, unayetengeneza saa."

"Ndiye mimi."

"Na ukakosea saa."

"Nikakosea saa."

"Ile ya kwangu uliyoitengeneza mwezi uliopita, niiamini?"

Mama wa benchini alikohoa ili asicheke. Kicheko chenyewe ndicho hicho, kile ambacho kwa kukiogopa Fundi alimuuza mtu. Kilikuwa kidogo, kikapita kama chafya. Hapo aibu ikamkaa vizuri zaidi, alipoona udogo wa kitu alichokikimbia.

Lakini Daktari hakucheka. Alimwachia paka, akavua miwani, akamgeukia Mlezi.

"Miaka sita unafanya kazi hapa," alisema. "Siku ile nilimwuliza yeye kama ulimweleza. Wewe nilikuwa nawe palepale, sikukuuliza."

"Hukuniuliza, Daktari."

"Basi na mimi nina langu." Alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Kesho rudi mezani. La, leo. Brashi nipe mimi, nitaitafutia mtu."

"Brashi nitaimaliza," Mlezi alisema. "Nimebakiza vizimba viwili. Habari iliyobaki ni ya mbwa."

Kilio cha Kisulisuli kilifika mpaka pale.

"Kama mtaniruhusu," Fundi alisema, "nimchukue tena. Sina haki ya kuomba. Lakini uwanja upo, na sindano sasa najua. Saa mbili. Saa mbili ya watu."

Daktari alimtazama Mlezi. Neno sasa lilikuwa la mtu wa mezani.

"Nyumba ni ya nani?" Mlezi aliuliza.

"Yangu na dada."

"Nenda kamwambie dada yako ulivyotuambia sisi. Usipunguze. Akikubali mbwa arudi, aje mwenyewe aniambie. Simwiti aje kunipigia magoti. Sindano ni ya watu wawili. Mmoja akiumwa, mwenzake achome. Siwezi kumpeleka mbwa huyu kwenye nyumba ambayo mmoja anajua kitu na mwingine kafichwa."

Dada yake Fundi hushona mapazia sebuleni. Mashine iko dirishani, vitambaa vimepanda mpaka kwenye kochi, na siku hiyo wateja wawili walikuwa wamebanwa kwenye kipande cha kochi kilichobaki, wanasubiri kupindiwa mapazia. Fundi aliingia, akaona wateja, akataka kwenda kwanza chumbani. Kisha akakumbuka: *usipunguze*.

"Dada, nina neno."

"Sema. Mguu uko kwenye pedali, sikio liko huru."

"Ni habari za yule mbwa."

"Enhe," mteja mmoja alidakia. "Yule aliyetaka kuuliwa na yule mwanamke? Alipona?"

"Alipona," Fundi alisema. "Na yule mwanamke hakufanya kitu. Alinieleza saa vizuri, mara mbili. Mimi sikusikiliza. Nikamchoma mbwa vibaya, halafu nikasema hakunieleza. Akashushwa kazi kwa ajili yangu, na wiki tatu anadhani anapoteza kumbukumbu."

Mashine ikanyamaza. Dada alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini.

"Sema tena."

"Dada, wageni hawa..."

"Wageni hawa niliwaambia mimi. Mmoja hapa, mwingine sokoni. Na wasiokuwepo niliwaambia pia. Sema tena, na useme kwa sauti."

Akasema tena. Mteja wa pili, ambaye hakuwa na kosa lolote, aliinamia vidole vyake kana kwamba vimeongezeka.

"Nilimpigia simu yule binti," Dada alisema. Hakupandisha sauti, na Fundi aliogopa zaidi. "Mimi, mtu mzima, niliyekulea wewe tangu mama amefariki. Nilimwita muuaji. Ananiambia nisamehe dada, mimi nakata simu, najiona nimemkomesha. Na wewe ukaniona nakata."

"Sikujua kama ni yeye uliyempigia."

"Ulijua nilichokuwa nasema mezani kila siku. Ukala." Alisimama, akajipangusa nyuzi kifuani. "Mimi mapenzi yako na watu wa mbwa sikuyapenda, nakwambia wazi. Nilitaka mke wa kawaida, anayenukia sabuni. Lakini nilikuwa nakataa kwa kinywa changu. Wewe ulinikopesha uongo nikakataa nao. Jamani, mapazia yenu mtachukua kesho."

"Unakwenda wapi?" mteja aliuliza.

"Kuaibika," Dada alisema, akatafuta viatu.

Njia nzima hakumsemesha. Alitembea mbele, mkoba umebanwa kwapani, na Fundi nyuma yake kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mlinzi aliwafungulia bila utani.

Mlezi alikuwa ndiyo amemaliza kizimba cha mwisho. Alipomwona Dada, mama mnene, anakuja moja kwa moja, alijifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwenzangu, ingawa leo ilinipasa nikuamkie mimi." Dada alisimama, akahema. "Mimi ndiye wa kwenye simu."

"Nimekutambua kwa sauti."

"Nilikuita muuaji."

"Ndiyo, dada."

"Ulilia?"

"Sikumbuki. Nilikuwa naosha vyombo vya mbwa."

"Unakumbuka," Dada alisema. "Una kumbukumbu nzuri kuliko sisi wote, na ndiyo tuliyotaka kukuharibia. Sina cha kukulipa. Nimekuja kusema lile neno si lako, ni langu, nimelirudisha nyumbani. Na wote niliowaambia nitawapitia, mmoja mmoja. Ni wengi. Mdomo wangu haukupumzika."

Mlezi aliuma mdomo. Macho yakajaa, na hakuyaficha. Wanawake wale wawili hawakukumbatiana. Walishikana mikono tu, wakaichelewesha. Fundi alisimama pembeni. Hakuna aliyemwita.

"Mbwa ndiye yule?" Dada aliuliza mwishowe. "Amekondeana. Haya, nifundishe sindano mimi. Huyu atashika mkia."

"Naye ajifunze." Mlezi alichukua bomba la sindano lisilo na dawa, akamtoa Kisulisuli, akambana kati ya magoti. "Ila geuka, Fundi. Tazama ukuta."

"Ukuta?"

"Ukuta."

Akageuka. Mbele yake kulikuwa na rangi iliyobanduka na msumari mtupu. Nyuma yake Dada aliguna kwa kuridhika.

"Saa mbili asubuhi," Mlezi alisema. "Watu wameshakwenda kazini. Anakula kwanza. Sema."

"Saa mbili asubuhi. Watu wameshakwenda kazini. Anakula kwanza."

"Asipomaliza chakula, hachomwi. Unapiga simu."

"Asipomaliza, hachomwi. Napiga simu."

"Usiku vilevile, saa mbili. Akilegea, akipepesuka, asali kwenye fizi, hapohapo, ndipo umlete. Hungoji."

"Asali kwenye fizi. Singoji."

"Tangu mwanzo."

Akasema tangu mwanzo. Mlezi akamrudisha mara ya tatu, na ya nne. Fundi aliutazama msumari, akasikiliza. Sauti ya Mlezi ina mkwaruzo kidogo chini, kama mtu aliyetoka kuamka, na herufi za mwisho za maneno huzishusha taratibu, haziangushi. Jioni zote zile za benchini alikuwa ameijua alama ya mdomo, ameyajua mabega, amezijua kucha zilizokatwa fupi. Sauti yake ndiyo kwanza anaisikia. Macho yalimwasha, akashukuru kwamba ukuta hauna macho.

Alipogeuzwa, Dada alishakabidhiwa kamba, na Kisulisuli alishaamua waende wapi. Mlezi alimpa Fundi boksi dogo la dawa lenye barafu, na karatasi mpya, imejaa maneno pande mbili.

"Mbwa umepewa," alimwambia. "Usije ukadhani umepewa pia aliyekuwa akimtunza."

"Sijaomba."

"Usiombe."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kule mbele Dada alikuwa akiburutwa katikati ya ua, anamweleza mbwa kwamba yeye ni mtu mzima na magoti anayo mawili tu. Fundi akaanza kuwafuata.

"Usiombe bado," Mlezi alisema nyuma yake.

Akasimama. Hakugeuka.

"Umesemaje?"

"Umesikia."

Alikuwa amesikia.